Wageni Wetu Kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Anayeishi mbali na kwao hujua furaha ya kupokea mgeni. Sisi kwetu ni Upare, milimani wilayani Same, lakini kazi ilituleta kanda ya ziwa mwaka 2008, tukiwa bado maharusi, na huku ndiko tulikolelea watoto. Ndugu zetu wako mbali. Nauli ni kubwa, na mara nyingi tunaonana nao kwenye msiba au harusi tu. Ndiyo maana tulipopigiwa simu kwamba Mwalimu na Mama Mwalimu watakuja kututembelea Igogo, Julai 2025, nyumba nzima ilichangamka.

Hawa si ndugu zetu wa damu. Tulipofika Muleba mara ya kwanza hatukumjua mtu. Mmoja wetu ni muuguzi, na alikuwa amepangiwa kazi wilayani humo. Mwingine alikuwa bado akitafuta kibarua. Mwalimu alikuwa jirani yetu, akifundisha shule ya msingi. Siku ya kwanza mkewe alitukuta tukihangaika na mkaa uliolowa mvua. Hakusema neno. Alirudi kwake, akaja na moto kwenye kigae na mkungu wa ndizi kichwani. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, ni yeye aliyemwogesha siku zote arobaini, kwa kuwa bibi zake wote wawili walikuwa Same na hawakuweza kufika.

Tulipohamia Mwanza mwaka 2014 tuliwasihi waje. Kila mwaka tuliwaalika, na kila mwaka ilipatikana sababu: mara kahawa haijachumwa, mara shule, mara mguu wa Mama Mwalimu unasumbua. Sisi tulizipokea sababu hizo kama zilivyotolewa. Sasa tunaona aibu kwamba hatukuwahi kujiuliza zaidi.

Safari ya kupita juu ya maji

Zamani aliyetoka Muleba kwenda Mwanza kwa basi alilazimika kushuka Busisi na kusubiri kivuko cha kwenda Kigongo. Kama foleni ilikuwa ndefu, saa zilipita hapo huku watoto wakilia njaa na wagonjwa wakisubiri ndani ya magari. Tangu tarehe 19 Juni 2025 mambo yamebadilika. Siku hiyo lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linaloruka Ghuba ya Mwanza kutoka Busisi hadi Kigongo. Basi linavuka kwa dakika chache tu.

Tuliwapokea kituo cha mabasi cha Nyegezi jioni, wao wawili pamoja na mjukuu wao wa miaka tisa. Walikuja na mizigo ya Kihaya kweli kweli: ndizi za kupika, kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani makavu, na kopo la senene waliokaangwa. Mwalimu alicheka akasema, "Mshukuruni daraja. Mama yenu alisema akisikia limefunguliwa atafika Mwanza, kwa kuwa sasa hatapanda chombo chochote cha majini."

Tulicheka naye. Tulidhani anaogopa mawimbi, kama watu wengi.

Igogo yetu

Kutoka Nyegezi barabara inapita Butimba na Mkuyuni, kisha unafika kwetu. Asiyeijua Igogo huishangaa. Upande mmoja ni ziwa, reli na maghala. Upande wa pili ni mlima wa mawe makubwa, mengine yamepandana kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Nyumba zimejengwa kati ya mawe hayo, juu yake na chini yake. Kuna ambazo ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe. Gari haliwezi kupanda. Unalipa bajaji chini, kisha unakwea ngazi zilizochongwa na kupigwa saruji na wakazi wenyewe. Gunia la mkaa, jeneza, kabati la bibi harusi, vyote hupanda kwa mabega ya watu.

Maisha ya mlimani si rahisi. Bomba likikauka, maji hubebwa kwa ndoo kutoka chini. Mvua kubwa ikinyesha, hatulali, tukisikiliza kama kuna jiwe linalosogea. Hata hivyo mtu akituuliza kwa nini hatuhami, tunamwambia apande aone. Asubuhi ukifungua mlango, ziwa lote liko mbele yako. Mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zake zikiwa bado hazijazimwa. Korongo wakubwa wamesimama juu ya mawe kama wazee wa baraza. Majirani wanasalimiana "Mwangaluka!" kutoka jiwe hadi jiwe, na hakuna anayeishi peke yake, kwa kuwa kila anayepanda ngazi hupita mlangoni kwa mwenzake.

Basi tulikuwa tumewaandalia wageni wetu yaliyo mazuri kuliko yote tuliyo nayo. Tuliwapa chumba chetu wenyewe, chenye dirisha kubwa linalotazama ziwa. Tulifua mapazia, tukatundika chandarua kipya, tukaelekeza kitanda dirishani ili waamkapo waone maji. Na mezani tuliweka sato wawili wakubwa wa kukaanga, walionunuliwa asubuhi ile ile Mwaloni, Kirumba, pamoja na ugali, mchicha na kachumbari. Mgeni wa Mwanza asipopewa samaki atasema amekula wapi?

Makosa yetu matatu

Mama Mwalimu alikula ugali na mchicha. Tulimsogezea sahani ya samaki, akashukuru. Tukaisogeza tena. Tukamkatia mnofu wa tumboni, ule mtamu, tukauweka mbele yake kwa mikono yetu. Alisema ameshiba. Mwalimu alimtazama mkewe, kisha akauchukua ule mnofu akaula yeye, akaanza kuzungumza habari za bei ya kahawa.

Usiku, aliyeamka kwenda msalani alikuta taa ya chumba cha wageni inawaka. Asubuhi tulipoingia kufagia, pazia lilikuwa limefungwa na kubanwa kwa pini, na kitanda kimegeuzwa kikatazama ukuta wa mawe. Tulijiambia kwamba labda ni upepo.

Siku ya pili mchana, watoto wetu walimchukua mjukuu wakateremka naye ziwani kumwonyesha boti. Walituaga sisi, hawakumwaga bibi. Mama Mwalimu alipotoka chumbani akauliza mtoto yuko wapi, tukamjibu kwa furaha kwamba yuko ziwani na wenzake.

Hatukuwahi kumwona hivyo. Alishuka zile ngazi bila viatu, na ule mguu wake mbovu, akiita jina la mtoto. Sisi tulimkimbilia nyuma. Muuguzi wetu njiani alikuwa akiwaza kichocho, kwa kuwa vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya ukingoni na kupenya ngozi ya anayeoga au kukanyaga maji. Tuliwakuta watoto wamekaa salama juu ya jiwe, wakihesabu boti, na ni miguu tu iliyolowa. Mama Mwalimu alimkamata mjukuu wake, akamkumbatia, akaketi pale pale kwenye mchanga akalia kwa sauti. Wavuvi waliacha kushona nyavu. Alichokiona yeye katika maji yale hakikuwa kichocho.

Yule aliyepanda Kemondo

Jioni ile, baada ya watoto kulala, alitueleza. Tuliishi naye jirani miaka sita na hatukuwahi kuisikia habari hii.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba, mwenye miaka 18. Mwaka 1996 shangazi yao aliyekuwa akikaa Mkuyuni, hatua chache kutoka hapa kwetu, aliomba binti huyo aje ajifunze kushona cherehani. Jumatatu jioni, tarehe 20 Mei, Mama Mwalimu mwenyewe alimsindikiza bandari ya Kemondo. Alimnunulia tiketi ya daraja la tatu, akampa kikapu cha ndizi za shangazi, akamwona akipanda MV Bukoba. Meli ilikuwa imejaa mno. Binti alimpungia mkono, kisha watu wakamziba.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne tarehe 21 Mei 1996, meli ile ilipinduka na kuzama ilipokuwa ikiikaribia Mwanza. Wasomaji wenye umri wanakumbuka siku zile: redio zilizonyamaza muziki, bendera nusu mlingoti, na watu waliosimama siku nzima bandarini. Uwezo wa meli ulikuwa abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Na kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, idadi kamili ya waliokuwemo haikujulikana wakati ule wala haijulikani hadi leo.

"Jina lake halimo popote," Mama Mwalimu alisema. "Shangazi alikwenda kutazama maiti siku tatu, hakumtambua. Hatukupata mwili, hatukupata kiatu. Mama yetu alikataa kuanua matanga. Alisema labda mtoto alishuka, labda alikosa nafasi. Aliacha mlango wa jikoni bila komeo mpaka alipofariki mwaka 2003. Na mimi ndiye niliyekata tiketi."

Tangu siku hiyo hakula samaki wa ziwa hili. Watu wengi waliacha samaki miezi ile, kisha wakarudia, yeye hakurudia. Hapo tulikumbuka kwamba Muleba alitupikia samaki mara nyingi, akatuandalia, na daima alikuwa na kazi nyingine jikoni wakati sisi tunakula. Miaka sita! Na sisi tukamlaza mbele ya dirisha, akisikiliza honi za meli usiku.

Tulitaka kumwomba radhi, akatukataza. "Msingejua. Sikuja kulala tu. Nilikuja nipate moyo wa kwenda Igoma, na nimeshindwa kuwaambia."

Siku ya Igoma

Igoma iko upande mwingine wa jiji, kwenye barabara ya Musoma. Huko ndiko walikozikwa wengi wa wale ambao hawakutambuliwa, na kila tarehe 21 Mei watu hukusanyika kuwakumbuka. Hatukwenda kesho yake. Tulimwacha apumzike siku moja, tukapika ndizi na maharage, tukazungumza habari za zamani. Tuliwaomba akina mama wawili wa kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa watusindikize, kwa kuwa ni watu wanaojua kukaa kimya.

Tulipanda daladala hadi mjini, kisha nyingine iliyopita Mabatini, Buzuruga na Nyakato. Mama Mwalimu hakusema lolote njiani. Tulipofika, alisimama nje muda mrefu akiwa ameshika mkono wa mumewe. Pale pana mnara wa kumbukumbu na safu za makaburi. Alipita katikati ya safu polepole, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoelekezwa. Mwisho alichagua mahali, akapiga magoti.

Alizungumza Kihaya, kwa sauti ya kawaida, kama dada anayemweleza mdogo wake habari za nyumbani. Mwalimu hakututafsiria na hatukumwomba. Tulisikia tu majina ya watu, moja baada ya jingine, tukadhani anamhesabia waliozaliwa na waliokufa tangu alipoondoka. Aliposimama, mmoja wa akina mama aliomba sala fupi, tukaimba pamoja.

Kabla ya kuondoka alimwomba kijana aliyekuwa akifagia ruhusa ya kuchukua udongo kidogo. Aliufunga kwenye pembe ya kanga yake.

Katika wodi tumewaona wafiwa wengi. Aliyemzika mtu wake hulia, na baada ya muda machozi hupungua. Lakini asiyepata mwili hana pa kuyaweka machozi yake. Hubaki akisubiri, na kusubiri huko humla mtu ndani kwa miaka, kukaonekana kama kukosa usingizi, kama woga, kama kuumwa kusikopatikana kwenye vipimo. Mtu wa namna hii haambiwi "sahau." Husaidiwa kupata mahali pa kusimama na kusema kwaheri, hata kama miaka 29 imepita.

Mjukuu alikuwa amevumilia vya kutosha, kwa hiyo hatukurudi moja kwa moja. Mbele kidogo kwa barabara hiyo hiyo ni Kisesa, na hapo ndipo njia ya kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na padre mmisionari David Clement. Mtoto alizunguka ngoma za watemi, akaruhusiwa kupiga moja. Tulichelewa sherehe ya Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu hushindana kucheza, lakini alicheza yeye peke yake, na bibi yake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tumsikie akicheka tangu Nyegezi.

Tuliyojifunza

Wenye nyumba wengi, hasa sisi tunaoishi ugenini, tunajitahidi mno kuonyesha kwamba tumefanikiwa. Tunaweka mezani kile kinachosifika mjini kwetu na kumsukumia mgeni. Sasa tunafanya hivi:

Tunauliza mapema, kwa simu, mgeni anakula nini na hali nini, wala hatutaki sababu. Akikataa chakula mara moja, tunakiondoa kimya kimya.

Tunamwonyesha chumba na kumwambia ageuze atakavyo. Kama kuna chumba kingine, achague mwenyewe.

Mtoto wa mgeni haendi ziwani bila mzazi wake kujua na bila mtu mzima. Ziwa lina kina cha ghafla, na lina kichocho. Mtoto aliyeingia majini apelekwe kituo cha afya baada ya majuma sita hadi manane apimwe choo. Akikutwa na kichocho, dawa ipo na inaponya. Mjukuu tuliwaandikia tarehe.

La mwisho, tunaacha siku moja bila ratiba yoyote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumeona kwamba mgeni mwingine anakuja na jembe lake mwenyewe, na kazi aliyoijia ataitaja ukimpa nafasi ya kukaa.

Walikaa siku saba. Asubuhi ya kuondoka tuliwafungia michembe na matobolwa, na kwa mara ya kwanza hatukuwafungia samaki. Mwalimu alitania kwamba wangeweza kurudi kwa meli, kwa kuwa MV New Victoria inakwenda Kemondo na Bukoba. Mkewe alimjibu, "Bado, Mwalimu. Labda nikizeeka zaidi." Walipanda basi, wakavuka daraja.

Tulipopanda kufagia chumba, kitanda kilikuwa bado kimetazama ukuta. Lakini pini za pazia zilikuwa mezani, zimepangwa vizuri, na dirisha lilikuwa wazi.

Majuma mawili baadaye alipiga simu. Alisema amekwenda kwenye kibanja cha wazazi wake, amechimba kidogo kando ya kaburi la mama yake katikati ya migomba, ameuweka ule udongo wa Igoma, amefukia. Ndugu walikuja, wakala pamoja, na matanga yakaanuliwa. Kisha akatuuliza kama watoto hawajambo na kama maji ya bomba yamerudi.